Kilo Ishirini na Nane

Barua ya kupandishwa cheo niliisoma nimesimama, hapo hapo mlangoni mwa ofisi yetu ya bandarini, Mutsamudu. Niliisoma mara tatu, maana nilidhani aliyeipiga chapa amekosea tarakimu. Mshahara wangu ulikuwa faranga elfu kumi na tano kwa mwezi. Nikikubali kuhamia Moroni, mji mkuu, kisiwa kingine kabisa, kwenye meza iliyoachwa na Mfaransa mmoja aliyekwisha rudi kwao, utakuwa elfu ishirini. Jibu lilitakiwa kabla ya Alhamisi.

Uhuru wa visiwa vyetu ulikuwa na miezi minne tu. Rais wa kwanza alikuwa amekwisha pinduliwa, Wafaransa walikuwa wanafunga mizigo, na kila aliyejua kusoma na kujumlisha alikuwa anapewa kiti ambacho jana yake hakuruhusiwa hata kukifuta vumbi. Mimi nilijua yote mawili. Nilianza kusoma Unguja utotoni, baba alipokuwa akifanya kazi huko, kisha nikamalizia nyumbani kwa Kifaransa. Hesabu nilikuwa naijua kuliko wenzangu wengi, na nilikuwa na tabia mbaya ya kuwakumbusha.

Sikufikiria Moroni wala meza. Nilifikiria paa.

Kwetu mwanamume hamchukui mke akampeleka kwake. Yeye ndiye anayehamia kwa mke, katika nyumba ambayo baba mtu amemjengea bintiye; na baba akiwa hayupo, kaka ndiye anayejenga. Baba yetu alifariki kuta za nyumba ya dada yangu zikiwa zimefika madirishani. Mimi nilizimaliza kwa miaka mitatu, jiwe kwa jiwe, lakini juu palibaki wazi na mvua ikinyesha ndani. Dada huyo, mdogo wangu wa pekee, alikuwa amechumbiwa na mwalimu wa shule wa Mirontsy, mji wa jirani. Bila nyumba hakuna harusi. Kaka akishindwa kabisa, hubaki njia moja: mama hutoka katika nyumba yake mwenyewe akamwachia binti. Hakuna anayeikataza. Ila siku ya Ijumaa watu watakupisha msikitini kwa adabu nyingi kuliko kawaida, na wewe utajua wanachosema. Jambo hilo nililiogopa kuliko kifo, na sitii chumvi.

Basi jioni ile nilikaa nyumbani kwa mama na kalamu yangu. Bati moja lilikuwa faranga elfu moja na mia mbili. Nyumba ilitaka mabati thelathini, yaani elfu thelathini na sita. Mbao elfu kumi na mbili. Misumari na fundi elfu mbili. Jumla elfu hamsini. Nyongeza yangu ilikuwa elfu tano kwa mwezi, kwa hiyo miezi kumi. Ilitoka sawasawa, haikubaki wala kupungua hata faranga moja, na mimi hesabu ikitoka namna ile huwa siiulizi tena.

Dada yangu alikuwa akidarizi kofia pembeni. Aliuliza bila kuinua macho, "Na huko utakula nini, kaka?"

"Nitakula kwa mshahara wa zamani, kama ninavyokula sasa. Nyongeza sitaigusa."

"Na kulala?"

"Kwani Moroni hakuna vitanda?"

Mama alicheka kidogo, akaichukua barua yangu, akaikunja vizuri, akaiweka chini ya mto wake. Mke wangu, nyumbani kwake mtaa wa Hombo, alinijibu kwa mkato zaidi. "Nenda. Nyumba yangu haina miguu ya kukufuata."

Ijumaa, baada ya sala, walikuja wajomba wawili wa mwalimu kutoka Mirontsy. Aliyezungumza ni yule mkubwa, mfanyabiashara wa vitambaa, mtu mpole mwenye sauti ya chini ambaye hakuwahi kurudia neno. Alisema wamesubiri tangu mwaka juzi, na kijana si wa kusubiri milele, na wapo watu wengine wenye mabinti na nyumba zilizoezekwa. Alitaka siku.

"Mfungo Mosi, mjomba," nilisema. "Baada ya Idi. Mtaikuta nyumba ina paa."

"Una hakika?"

"Naapa."

Nilisema mbele ya watu wanne, hali hakuna aliyenitaka niape. Mzee alitikisa kichwa, akasema ahadi ni deni, akamaliza kahawa yake. Nilimsindikiza hadi mlangoni nimevimba kichwa kama bwana harusi mwenyewe.

Nilifika Moroni mwezi wa Desemba na mkoba mmoja. Siku ya kwanza ofisini mwenzangu wa meza ya pili, mtu wa Moroni, mcheshi, mwenye wake wawili na nyumba mbili, aliniuliza nimefikia wapi. Nikamwambia nimepata chumba kwa mama mmoja mjane, juu ya bandari, faranga elfu mbili na mia tano kwa mwezi. Alinitazama kama mtu aliyesikia msiba.

"Umepanga? Mtu mzima, umeoa, unalipia kulala?"

Hapo ndipo nilipoipiga ile hesabu kichwani, mbele yake, na uso ukaniwaka moto. Tangu nizaliwe sikuwahi kulipia kulala. Nilitoka nyumba ya mama nikaingia nyumba ya mke. Katika karatasi yangu iliyotoka sawasawa sikuwa nimeandika kodi, kwa sababu katika maisha yangu kitu hicho hakikuwapo. Nusu ya nyongeza ilikuwa imekwisha kabla sijalala usiku mmoja. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi nilijifunza kunguni wa Moroni kwa faranga elfu mbili na mia tano.

"Dawa ni moja," yule mwenzangu alisema. "Oa hapa. Mke ana nyumba, kodi imekwisha."

Nilimkasirikia. Lakini nikiri kwamba usiku nililala naihesabu hata hiyo: mahari, nguo, dhahabu, karamu. Ilikuwa ghali kuliko kodi ya miaka sita. Ndivyo nilivyobaki mwaminifu kwa mke wangu, na sijawahi kumwambia.

Nilijibana. Asubuhi nilikunywa chai tupu. Mchana nilinunua muhogo, na samaki wa kukaanga kwa mama mmoja aliyekuja na beseni lake kutoka Itsandra. Kila mwezi nilituma fedha za mchele kwa mama na kwa mke, na kilichosalia nilikitia katika kopo la maziwa. Miezi mitatu ikapita, kopo likawa na elfu saba. Halikuwa na elfu kumi na tano, lakini nilijiambia elfu saba ni elfu saba.

Ila madukani mambo yalikuwa yanakwenda mbio. Msaada wa Ufaransa ulikuwa umekatika, meli zilikuja moja moja, na meli ikichelewa mchele ulipanda. Meli ikifika, haushuki. Nilikuwa nikisikia watu wakilalamika bei na kuwaona wavivu wa kuhesabu. Mimi si nina nyongeza?

Mwezi wa nne nilikwenda dukani kuuliza mabati, nipate angalau yale machache ninayoyaweza. Mwenye duka alisema elfu moja na mia saba. Nilimwambia anakosea. Akasema mimi ndiye ninayekosea, na kesho nitakuwa nimekosea zaidi.

Nilirudi chumbani, nikafunga mlango. Ilikuwa Jumamosi mchana, jua linawaka juu ya yale mawe meusi ya Moroni, na watoto wa mama mwenye nyumba wanapiga kelele uani. Nikachukua karatasi mpya. Safari hii sikuandika faranga. Niliandika mchele. Nilipokuwa Mutsamudu kilo ilikuwa faranga sitini, na mshahara wangu elfu kumi na tano: kwa hiyo nilikuwa nalipwa kilo mia mbili na hamsini kwa mwezi. Sasa kilo ilikuwa faranga tisini, na mshahara wangu elfu ishirini: nilikuwa nalipwa kilo mia mbili ishirini na mbili, na punje kadhaa.

Nikarudia. Nikarudia kwa njia ya pili, kuanzia chini kwenda juu, kama tulivyofundishwa. Ilikuwa ile ile. Nimepandishwa cheo, nimepewa meza ya Mfaransa, nimekaa mbali na mke wangu na mama yangu, nimekula muhogo miezi minne, na kwa hayo yote nimepunguzwa kilo ishirini na nane za mchele kila mwezi. Hapo kodi bado. Nilipoitoa na kodi nikaona niko chini kuliko alivyokuwa tarishi wetu siku nilipoondoka Mutsamudu, yule aliyelala bure kwa mkewe.

Nilipasua karatasi. Kisha nikaokota vipande, nikaviunga, nikahesabu tena. Nilikuwa na hasira na serikali, na Wafaransa, na mwenye duka. Lakini zaidi nilikuwa na hasira na yule kijana aliyeapa mbele ya watu wanne, na hakukuwa na mlango wa kumtolea nje.

Jumatatu niliivunja akiba ya kopo, nikanunua mabati manne, nikabaki na mia mbili. Nilikuwa nimeelewa, nimechelewa, kwamba faranga kwenye kopo huyeyuka ila bati chini ya kitanda hubaki bati. Tangu siku ile kila mshahara ulipotoka nilikimbia dukani kabla sijala. Mwezi mmoja nilipata matatu, mwingine moja. Mwezi mmoja mshahara ulichelewa siku ishirini, na katika siku hizo ishirini bati likaongezeka mia moja. Mama mwenye nyumba alichungulia siku moja akaona chini ya kitanda kumejaa.

"Wageni wako wamekuwa wengi, mwanangu," alisema. "Wageni hulipiwa."

Nikamwongezea faranga mia mbili kwa mwezi kwa ajili ya kuyalaza mabati. Sasa naweza kucheka. Wakati ule niligombana naye hadi majirani wakatoka.

Nyumbani niliandika barua za uongo. Kazi nzuri, afya njema, mabati yanakuja. Sikumwandikia mtu hesabu ya mchele. Mama hakujua kusoma. Dada ndiye aliyemsomea na kunijibu, na barua zake zilikuwa fupi kila mara kuliko iliyotangulia. Katika moja aliuliza jambo moja tu: "Kaka, huko kilo ni bei gani?" Sikumjibu swali hilo.

Kisha redio ikanipa matumaini. Serikali mpya ya mapinduzi ilipiga marufuku harusi kubwa: karamu za siku nyingi, ng'ombe, dhahabu, yote yale yaliyokuwa yakifilisi watu. Vijana wa kamati zake walipita mitaani wakitangaza. Wazee wa Moroni walinuna, mimi nilitamani kucheza barabarani. Siku ile ile nilimwandikia mjomba wa Mirontsy barua ndefu ya heshima, nikamweleza kwamba nyakati zimebadilika, kwamba serikali yenyewe sasa inataka ndoa nyepesi, na kwamba pengine wawili hawa wangeweza kuanza maisha kwa kidogo kilichopo. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, mstari mmoja baada ya salamu. "Serikali imekataza karamu, mwanangu, haikukataza paa."

Nilibaki na miezi mitatu, kisha miwili. Nilianza kula mara moja kwa siku, na Ramadhani ilipoingia nilishukuru, maana sasa kila mtu alikuwa na njaa na yangu haikuonekana. Bati lilikuwa limefika elfu mbili. Nilikuwa na mabati kumi na manne. Mbao sikuwa nazo hata moja.

Niliomba ruhusa ya wiki moja, nikayapakia mabati kwenye boti ya mizigo, nikasafiri nayo nimeyakalia. Njia nzima nilipanga maneno. Ningekwenda Mirontsy moja kwa moja, kabla ya kwenda kwa mama, nikampigie magoti yule mzee na kumwomba mwaka mwingine. Ningemwonyesha mabati kumi na manne. Ningemwonyesha hata karatasi ya mchele. Yeye ni mfanyabiashara, bei anazijua. Nilijua atakataa, na nilijua ningeomba hivyo hivyo.

Tulifika Mutsamudu asubuhi. Mchukuzi mmoja wa bandarini, tuliyefahamiana tangu zamani, alipanda botini akayashika mabati kupima uzito.

"Ya nini haya tena," aliuliza, "na nyumba imekwisha patikana? Hongera, tumesikia harusi ni wiki ya kwanza baada ya Idi."

Sikumwuliza nyumba gani. Nadhani miguu yangu ilijua kabla yangu, kwa sababu niliacha mabati gatini na kuanza kupanda vichochoro vya mji kwa mbio, nimefunga, kinywa kimekauka.

Nyumba ya mama ilikuwa imepakwa chokaa mpya. Madirishani palikuwa na mapazia nisiyoyajua. Ndani, chumba cha mama kilikuwa na kitanda kikubwa cha biharusi, na ukutani, mahali ilipokuwa inaning'inia kanzu ya marehemu baba, palikuwa na kioo. Dada yangu alikuwa amesimama katikati ya chumba na ufagio. Aliponiona alikaa chini sakafuni.

"Yuko wapi?" nilimwuliza.

Alinionyesha uani kwa kidole.

Mama alikuwa jikoni. Si kwamba alikuwa anapika, ilikuwa mchana wa Ramadhani. Alikuwa anaishi humo. Kitanda chake cha kamba kilikuwa ubavuni mwa mafiga, kanzu ya baba imekunjwa juu ya mto, na makuti ya paa yalikuwa yametoboka hivi kwamba niliona mbingu kupitia hapo. Nilimsalimu. Aliitikia kama siku zote, akaniuliza habari za safari.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimemwozesha binti yangu."

"Nilisema nitaezeka! Niliapa!"

"Uliapa," alisema. "Ndiyo maana."

Nilipiga kelele. Nasikia aibu kuandika, lakini nilimpigia kelele mama yangu mwezi wa Ramadhani, uani, majirani wakisikia. Nilimwambia amenivunjia heshima, kwamba angesubiri, kwamba hakuna aliyemtuma. Aliniacha nikamaliza, maana alikuwa hodari wa kusubiri mtu amalize.

"Siku uliyosoma ile barua nilifurahi," alisema. "Kesho yake nikaenda dukani, mchele umepanda faranga mbili. Wiki ya pili, faranga tatu tena. Nikakaa nikawaza, huyu mtoto kapanda ngazi moja na mchele unapanda mbili. Sikusoma, lakini mchele naununua mimi."

"Ulijua tangu siku ile? Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umeshawaapia watu. Ningekwambia, ungejua huwezi, ungekuwa mwongo mwaka mzima. Nilitaka uwe mwongo mwezi mmoja tu."

Dada yangu alikuwa amekuja nyuma yangu, macho mekundu. Nilimgeukia nikamwuliza na yeye kwa nini alikubali.

"Nilikataa siku tatu," alisema. "Ya nne nilikwenda kwa mafundi wa kofia. Niliporudi nikakuta kitanda chake kiko humu na amefunga mlango wa nyumba. Akanitundikia ufunguo shingoni kwa nguvu. Kaka, ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Nilikaa juu ya gogo kando ya mafiga nikalia, mtu mzima, karani mkuu wa faranga elfu ishirini, na mama akanifuta uso kwa ncha ya leso yake akiniambia nisimeze machozi, nisije nikaharibu saumu.

Alasiri nilirudi bandarini. Nilimkuta yule mchukuzi amekaa juu ya mabati yangu ananilindia. Tukayapandisha, mimi na yeye na fundi mmoja, na kabla ya Idi tulikwisha yabomoa yale makuti na kuezeka jiko. Mjomba wa Mirontsy alipita kuangalia maandalizi, akasimama uani, akatazama juu tulikokuwa tunagongelea, kisha akamtazama mama. Aliniamkia yeye kwanza, jambo ambalo mzee hamfanyii kijana, akaenda zake.

Harusi ilifungwa mwezi ule ule niliouapia. Mama alilala katika jiko lile miaka kumi na mmoja, na humo ndimo alimofia. Nyumba yenye kuta niliiezeka baadaye, lakini alikataa kuhamia, akasema amekwisha zoea.

Watu wa hesabu huniuliza ile nyongeza ilikuwa na thamani gani, ukitoa bei na kodi. Naweza kuwaambia bila karatasi. Kwa miezi kumi ilitosha kuezeka jiko la mama yangu, na yalibaki mabati mawili.